Kama kunukia ni harufu nzuri, mgomo "unanukiaje"?

Baba Mchaichai (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada wa Kiswahili maana hapa nyumbani tumeshagombana mimi na mke wangu na hakuna aliyeshinda. Mke wangu anatengeneza sabuni za kuogea, za mchaichai na za karafuu, sasa tunataka kuchapisha stika, yeye anataka iandikwe "sabuni yenye harufu ya mchaichai", mimi nikamwambia hapana, mteja akiona neno harufu kwenye sabuni anairudisha, weka "inanukia mchaichai". Akaniuliza kamusi gani imesema harufu ni kitu kibaya, nikakosa jibu, kwa sababu kweli harufu nzuri ipo na harufu mbaya ipo.

Katika kubishana ndo likaibuka jingine. Mimi toka shule ya msingi najua kunuka ni kubaya na kunukia ni kuzuri, soksi zinanuka pilau linanukia, mwalimu akafuta ubao tukaenda mapumziko. Sasa mbona magazeti yanaandika "mgomo wa madereva wanukia", "vita vyanukia", hata njaa nayo inanukia?? "Simba yanukia ubingwa" hiyo naielewa japo mimi Yanga inaniuma, ubingwa ni kitu kitamu. Lakini vita inanukiaje jamani, nani ameinusa akasema mmh safi? Waandishi wanakosea au mimi ndo nilifundishwa nusu?

kondakta_mstaafu

Andikeni "sabuni ya mchaichai" mkalale zenu, stika yenyewe ndogo. Ila kwa jinsi ulivyoeleza naona hapo kwako kimenuka mkuu 😂😂

Mwalimu wa Zamu

Waandishi hawajakosea. Mwalimu wako naye hajakosea ila aliishia njiani maana kengele ya mapumziko ilishagongwa.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kunuka ni kutoa harufu. Ukiongeza ile -i- unapata kunukia, na hiyo -i- ndo ileile ya kuandikia, kukimbilia, kulilia, inasogeza tendo lielekee kwa mtu au mahali fulani. Kwa hiyo ukiliangalia umbo peke yake kunukia halina uzuri wowote ndani yake, ni kunuka kunakokufikia. Kama unabisha panda daladala halafu mtu avue viatu, utasikia "kaka vaa viatu vyako, vinatunukia". Uzuri upo wapi hapo? Ukiweka tu yule anayepatwa na hiyo harufu, tu-, ni-, wa-, kitenzi kinarudi kwenye kazi yake ya kawaida na ule utamu unaondoka. Utamu ni mazoea ya watumiaji, watu wamegawana, kunuka ikabakishiwa uvundo, kunukia ikapewa udi na pilau, na mgawanyo huo umekaa imara kiasi kwamba tunaufundisha kama sheria.

Ya magazetini inatoka hapohapo. Pilau likiwa bado jikoni, hata sahani hazijatolewa, harufu yake imeshatangulia sebuleni. Mgomo nao haujaanza lakini dalili zimeshakufikia, ndo maana "unanukia". Watu wanasema Ramadhani inanukia, sikukuu zinanukia, uchaguzi unanukia, mvua inanukia, na katika hizo kuna zinazopendwa na zisizopendwa na hakuna anayejali, kinachotazamwa ni ukaribu. Angalia pia kwamba hakuna mhariri atakayeandika "mgomo wanukia" siku madereva wameshapaki magari na abiria wanatembea kwa mguu. Siku hiyo ataandika "mgomo waanza". Kunukia kwa maana hii kunaisha pale jambo lenyewe linapofika.

Mimi kinachonifurahisha zaidi ni hiyo ya Simba. Nani hapo anatoa harufu, timu au kombe? Unaweza kuandika "Simba yanukia ubingwa" na unaweza kuandika "ubingwa wanukia Msimbazi" na msomaji anaelewa zote mbili bila kusimama. Ni sawa na udi, udi unanukia chumbani, chumba kinanukia udi, lugha yetu inakubali pande zote. Na hizo "yanukia" na "wanukia" bila -na- msizitafutie siri, magazeti yanapenda umbo fupi kwa vichwa vya habari kwa sababu nafasi ni ndogo.

Baba Mchaichai

Mwalimu hapo kwenye daladala umenimaliza. Kumbe hata sabuni yangu ikiandikwa "inakunukia" nimeharibu biashara. Sasa na hii kimenuka ya kondakta, ni kitu gani kinanuka? Maana nasikia kila siku na mimi mwenyewe naisema.

254_Kayole

Huku Nairobi hizo sheria zenu hatuna. Mtu anakuambia "unanuka poa, umejipaka nini" na wewe unafurahi, unamwambia bei na pahali uliitoa. Halafu asubuhi kwa matatu unaskia "huyo jamaa wa nyuma ananukia pombe" na hiyo si sifa hata kidogo, yani tumezigeuza zote mbili na maisha inaendelea. Sijui ni sheng ama ni vile wengi wetu tuko na lugha zingine za nyumbani, lakini nikienda Mombasa nikiongea hivyo mashangazi wanashika kichwa.

BintiDarajani

Hao mashangazi ndo sie na kichwa nimekishika kweli. Kaka wa Kayole nakupenda bure lakini usije Unguja ukamwambia mwanamke aliyetoka kujifukiza "unanuka poa", hilo poa hatolisikia, ataishia hapo kwenye unanuka.

Sasa Baba Mchaichai, ugomvi wako na mkeo mie naona nyote mmeganda kwenye harufu kwa sababu mnalitumia kwa vitu ambavyo vina majina yao. Kwetu kitu kizuri hukiiti harufu, unakitaja. Ukiingia nyumba ya watu husemi "humu mna harufu nzuri", unasema "leo mmechoma udi" na mwenyeji mwenyewe atatabasamu. Udi wa asli ni vipande vya mti wa huko Asia, India, Kambodia, Indonesia, na ajabu yake mti ukiwa mzima hauna maana yoyote, mpaka uingiliwe na ukungu ndo utomvu ujikusanye ndani na mti uwe mweusi, huo ugonjwa ndo mali yenyewe. Huuzwa kwa tola, na tola moja haifiki gramu 12, kwa hivo wengi wetu hatuuwezi, tunapika wa nyumbani, sukari inaunguzwa, unatia vipande vya sandali na mafuta na marashi, unakoroga mpaka vishikane, na huo nao jina lake udi. Nguo ikifukizwa juu ya chetezo unaweza kuivaa kesho kutwa na watu wakakuuliza unakwenda harusi gani.

Ubani ni mwengine, huo ni utomvu mtupu, unatoka Somalia na Dhofar huko Oman, unachomwa kwenye maulidi na hitma, na nyinyi wa bara mkenda msibani na bahasha mnasema "nimepeleka ubani", pesa imechukua jina la moshi na hakuna anayeona ajabu. Marashi ni ya maji, ya waridi, yananyunyizwa kwa mrashi, si kila pafyumu ni marashi ingawa siku hizi tunaziita zote hivo, na vijana wa Dar wana lao wanasema unyunyu. Halafu kuna vya kuvaa. Asumini, rehani, mkadi, ukivikusanya ukavifunga pamoja ni kikuba, unachomeka kifuani au kwenye nywele, na bibi harusi husingwa kwa singo, ile ya kunukia ya kusugulia mwili, mpaka akipita ukumbini mnajua kapita hata kama hamkutazama. Na kilua jamani! Kilua wataalamu wa mimea hawakuhangaika kukitafutia jina, wakalichukua la kwetu wakalitia kwenye vitabu vyao, mti wenyewe wanauita Mkilua fragrans, nendeni mkatafute.

Vyote hivo nimevitaja na neno harufu sijalihitaji hata mara moja. Wanapotusifu kwenye redio wanasema visiwa vya marashi ya karafuu, mshawahi kusikia visiwa vya harufu ya karafuu? Sie tungekasirika.

Ila mwalimu nina kesi moja nataka uiamue. Doriani. Unguja doriani lipo na lina watu wake. Nyumba moja, meza moja, mama anasema "linanukia hilo, lipasueni", na mkwe aliyekuja kutoka Dodoma anauliza "hivi nini kinanuka humu". Tunda ni hilohilo moja. Nani kakosea?

Mwalimu wa Zamu

Hakuna aliyekosea, wote wametoa hukumu. Hiyo ndo tabia ya hivi vitenzi viwili, huwezi kusema kitu kinatoa harufu bila kuonyesha umesimama upande gani, doriani linakulazimisha uchague. Fenesi nalo lina kesi hiyohiyo hapa bara. Ukitaka kukwepa unakimbilia jina, "lina harufu kali", na hata hapo mama mkwe atakujua tu.

Kuhusu kimenuka. Ile ki- ni ya kitu ambacho hakitajwi, ndo raha yake, ni kama kimeumana, kitaeleweka, kimewaka. Unachoambiwa ni kwamba hali imeharibika, sasa ni kitu gani utakikuta mbele. Wanasiasa wameongeza kisababishi, kukinukisha, yaani kuanzisha vurugu kwa makusudi. Mimi nazifuatilia sana hizi na sijawahi kusikia mtu akisema "kimenukia" kwa maana ya mambo yamekuwa mazuri, hapo mgawanyo wa shule ya msingi umeheshimiwa hata na watu wa vijiweni.

Kwenye mambo ya pesa ndo kuna vurugu. "Ananuka hela" na "ananukia hela" zote unazisikia kwa tajiri, ila mimi nikisikia ya kwanza nahisi msemaji ana kinyongo kidogo. Mradi wa wizi ni "unanuka rushwa" siku zote, au "kuna harufu ya rushwa", na kwa hiyo ya pili jina harufu halihitaji kivumishi, likishakaa karibu na rushwa linajulikana.

Feri_Alfajiri

Dada wa Darajani umeeleza vizuri lakini mabaya nayo yana majina yake, msiyaonee. Ya samaki ni shombo, ukishika vibua asubuhi ukanawa na sabuni (labda hiyo ya mchaichai itasaidia, niletee nijaribu) bado mkono una shombo, tunatumia limao. Wengine wanaita vumba. Ya kwapani ni kikwapa, wazee wanaita kutuzi na ukisema kutuzi kijana hajui kama umemtukana. Ya kilichooza ni uvundo. Sasa cha kuchekesha, vumba ni ya samaki, ongeza u mbele unapata uvumba, ule ambao mamajusi walimpelekea mtoto Yesu, dhahabu na uvumba na manemane, mimi nimekulia pembeni ya mitumbwi kwa hiyo nikiwa mtoto kanisani nilikuwa najiuliza wale wenye hekima walibebaje kitoweo toka mashariki yote ile.

Na kuhusu harufu kuwa neno baya au zuri njooni huku sokoni mtaelewa mara moja. Mteja akiinama akasema "huyu ana harufu" bei imeshashuka hapohapo, hakuna anayemuuliza harufu gani. Sifa ya samaki ni "hana harufu". Nyama vilevile. Kwa hiyo mleta mada nipo upande wako, mkeo ana kamusi ila wewe una soko.

254_Kayole

Lakini maji je? Si tulisoma kwa sayansi maji safi haina rangi, haina ladha wala harufu. Hapo harufu si mbaya si nzuri, iko tu.

Mwalimu wa Zamu

Kayole umepiga mulemule. Hapo na kwenye kamusi ndo sehemu ambazo harufu iko katikati kweli. Mtaani likitembea peke yake linaelemea ubaya, "chumba kina harufu", "mdomo wako una harufu", na ukitaka lirudi upande mzuri lazima ulishike mkono, nzuri, tamu, ya kuvutia, au utaje chanzo ambacho watu wanakipenda. "Harufu ya kahawa" haimkasirishi mtu. Kwa hiyo shemeji, mke wa mleta mada, hayuko mbali sana na ukweli, mchaichai ni kitu kinachopendwa na kinamlinda. Angeandika "sabuni yenye harufu" akaishia hapo ndo ingekuwa balaa.

Buyenzi_Nyumbani

Amani kwenu wapenzi wa lugha. Mimi niko Bujumbura, mtaa wa Buyenzi ambako Kiswahili ndio lugha ya barabarani. Nilitaka tu kuwambia kwamba hili neno si la Waswahili peke yao. Kwa Kirundi na Kinyarwanda kunuka kupo vilevile na ni kubaya tu, hakuna mjadala, kizuri kina kitenzi chake tofauti kabisa, Wanyarwanda wanasema guhumura, sisi Warundi kumota. Kwa hiyo mtu wa huku akianza kuongea Kiswahili anasita sana kwenye kunukia, anaona ni neno lilelile la uvundo limevalishwa nguo nyingine. Rafiki yangu mmoja kutoka Kigali alikataa kabisa kulitumia, akisifia chakula anasema "kina harufu nzuri" mpaka leo.

Na marashi yamesafiri kuliko mnavyofikiri. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, kwa Kilingala pafyumu ni malasi, ni marashi yaleyale yamebadilishwa matamshi.

Na mimi nina swali kwa mwalimu. Kwa nini mnasema "nasikia harufu"? Masikio yanahusika wapi?

Mwalimu wa Zamu

Mrundi unaniuliza mimi wakati kwenu nako kumva inafanya kazi hiyohiyo, ya sauti na ya harufu na ya maumivu! Kusikia kwa Kiswahili kunabeba karibu kila kinachokuja chenyewe bila kutafutwa, ukiacha vya macho. Unasikia njaa, unasikia baridi, unasikia usingizi, unasikia harufu. Ukiitafuta kwa makusudi, umesogeza pua, hapo ni kunusa. Kwa hiyo mbwa wa polisi hasikii mizigo, anainusa, na jirani anayependa kujua mambo ya watu ananusanusa. Ndo maana kwenye Biblia ya Union, baada ya gharika Nuhu akatoa sadaka, imeandikwa Bwana "akasikia harufu ya kumridhisha". Lakini kwa Lazaro wa siku nne kaburini Martha anasema "ananuka sasa", hakuna aliyehitaji kivumishi.

BintiDarajani

Mwalimu na mavi ya kale hayanuki, hiyo hukuitia 😅

Feri_Alfajiri

Hayanuki mpaka mtu ayafukue dada. Kwenye ndoa yananuka kila Jumamosi.

kondakta_mstaafu

Nilisema mapema kimenuka mkanipuuza.

Baba Mchaichai

Nashukuruni sana, nimemsomea mke wangu uzi wote, kwenye kilua amenikatisha akaanza kusema zifuate sabuni za kilua, sijui maua tutayatoa wapi. Tumekubaliana hivi, mbele ya stika linakaa jina tu, MCHAICHAI, kwa herufi kubwa, halafu chini kwa maandishi madogo "inanukia mchaichai, haina kemikali ya harufu"... hapana hapo kwenye kemikali ya harufu bado tunabishana, yeye ndo ameiongeza hiyo.

BintiDarajani

Toeni hiyo sentensi ya mwisho haraka. Umeshaandika inanukia, kwa nini umkumbushe mteja harufu tena? Kama mnataka kusema hamjatia dawa za dukani andikeni "imetengenezwa kwa mafuta ya mchaichai wenyewe". Na ya karafuu msiandike inanukia karafuu, andikeni "marashi ya karafuu", watalii watanunua na Wapemba pia.

Mwalimu wa Zamu

Naunga mkono. Ila sabuni ya kipande kuiita marashi, wazee wa lugha watauliza mrashi wake uko wapi. Mimi ningeacha "ya karafuu" tu.

BintiDarajani

Wazee wa lugha hawanunui sabuni mwalimu.

Feri_Alfajiri

Sasa mimi nimeuliza toka juu huko sijajibiwa, hii ya mchaichai inaondoa shombo au haiondoi? Kipande bei gani na nikitaka dazani mbili za hapa wachuuzi wa Feri mnaleta?